Mtoto Mmoja, Vilio Viwili



Somo letu safari hii ni zito, na huenda baadhi yenu mkatamani kulipita. Tunawaomba mlisome pamoja, hata kama nyumba yenu haijafikwa na msiba wa namna hii. Huenda kesho mkaitwa kuketi na waliofikwa, na yafaa mjue la kufanya na la kuacha.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, watu wa Kamuchiri, karibu na mji wa Mai Mahiu, walikuwa wamelala. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki nyingi katika Bonde la Ufa. Juu yao, upande wa Kijabe, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia ya kupitishia maji chini ya reli ilikuwa imezibwa na matope, mawe na miti. Kabla ya kupambazuka maji hayo yalipasua njia na kushuka mteremko kwa kishindo, yakabeba nyumba, magari, mifugo na watu. Zaidi ya watu 50 walifariki, watoto wakiwa miongoni mwao. Tarehe hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imepangwa shule zifunguliwe kwa muhula wa pili, kabla serikali haijaahirisha kwa sababu ya mafuriko. Shule zilipofunguliwa hatimaye tarehe 13 Mei, wapo wazazi ambao hawakuwa tena na mtoto wa kumvalisha sare.

Bonde letu lilikuwa limeonja uchungu huo miaka sita kabla. Jioni ya Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel kule Solai lilipasuka baada ya mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini wazazi ni wawili. Je, wanaujua uchungu huo kwa namna moja? Hilo ndilo jambo tunalotaka kulitazama.

MFANO WA MUME NA MKE

Tuchukue mfano. Mume na mke hawa hatuwapi majina, kwa maana wanaweza kuwa yeyote kati yetu. Mafuriko yamewachukua watoto wawili kati ya watatu. Sasa wanaishi katika chumba walichoazimwa na ndugu wa Jumuiya.

Mama haondoki chumbani. Ana kiatu kimoja cha binti yake, kilichookotwa kwenye matope. Amekiosha, amekianika, na kila jioni anakishika mkononi. Kila anayeingia anamsimulia upya ule usiku, tangu mwanzo hadi mwisho.

Baba huondoka alfajiri. Huenda kwa chifu kuandikisha majina, huenda kufuatilia vitambulisho vilivyopotea, huenda kuuliza bei ya mabati. Akirudi hula kidogo, hugeukia ukuta na kulala. Wageni wanapoanza kuzungumza habari za mafuriko, yeye hutoka nje.

Wiki ya tano mama anasema, "Baba, wewe umewasahau watoto. Hata machozi hujatoa."

Baba anajibu, "Mama, nikikaa hapa nilie na wewe, nani atatuinua? Kila siku hadithi ile ile. Unataka tufe sote?"

Usiku huo hawasemezani tena. Asichokijua mama ni kwamba kila alfajiri, kabla ya kwenda kwa chifu, baba hushuka kwanza kwenye korongo ambako maji yalipita. Husimama pale peke yake na kulia mpaka jua linapochomoza. Naye baba hajui kwamba mama anarudia hadithi ile kwa sababu bado haamini. Anatumaini kwamba safari moja, akiisimulia, mwisho wake utakuwa tofauti.

Kila mmoja anapenda. Kila mmoja analia. Lakini kila mmoja anauona upendo wa mwenzake kuwa umekufa.

NJIA MBILI ZA KUOMBOLEZA

Yafaa tufahamu kwamba jambo hili si la nyumba hiyo tu. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mtu aliyefiwa ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuutazama msiba wenyewe: kumkumbuka aliyekufa, kulia, kuzungumza habari zake. Ya pili ni kuyashughulikia maisha yaliyobaki: kujenga, kutafuta riziki, kujifunza mambo mapya ambayo msiba umeyaleta. Mfiwa mwenye afya huenda na kurudi kati ya kazi hizo mbili. Leo analia, kesho anapalilia shamba, keshokutwa anarudi kulia. Kukaa upande mmoja tu bila kutoka ndiko kunakomdhuru.

Sasa tazameni yanayotokea katika ndoa. Mara nyingi mmoja hutumia muda mwingi zaidi upande wa kulia, na mwingine upande wa kujenga. Kwetu sisi mwanamume hufunzwa tangu utoto kwamba machozi yake yaanguke ndani, na mwanamke huruhusiwa, hata hutarajiwa, kulia kwa sauti. Lakini tusifanye sheria. Wapo akina baba wanaolia waziwazi na akina mama wanaoshika jembe siku ya tatu. Wala mtu hashikilii upande mmoja maisha yote. Baba aliyejenga nyumba kwa miezi sita bila kusema neno aweza kuanguka siku ile nyumba inapokwisha, akalia hadi watu wakashangaa, wakati mkewe ameanza kurudi sokoni. Hapo majirani husema, "Huyu naye anaanza leo?" Ndiyo, anaanza leo. Saa yake imefika.

Kijiji cha Aberfan, nchini Wales, kilipatwa na msiba mkubwa tarehe 21 Oktoba 1966. Rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe, lililolowa maji, liliporomoka juu ya shule ya msingi asubuhi, masomo yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto. Miezi iliyofuata, akina mama vijana wa kijiji walianzisha chama chao cha kukutana kila wiki, wapate mahali pa kuzungumza na kupumua. Wanaume nao walianzisha kwaya. Chama na kwaya vyote viwili vilidumu miaka mingi. Wanaume wale wangeambiwa waketi wasimulie uchungu wao, huenda wengi wangekataa. Lakini walikuja mazoezini, wakasimama bega kwa bega na wenzao waliofiwa, wakafungua vinywa na kuimba. Hayo nayo yalikuwa maombolezo.

MKE WA AYUBU

Maandiko Matakatifu yanao wazazi waliopoteza watoto wao katika maafa ya siku moja. Upepo mkali ulitoka jangwani ukaipiga nyumba pembe zake nne, ikawaangukia watoto kumi wa Ayubu waliokuwa wakila pamoja. Sote tunamsifu Ayubu kwa uvumilivu wake. Lakini mara ngapi tumekumbuka kwamba mke wake naye alifiwa na watoto kumi siku ile ile? Ndiye aliyewabeba tumboni na kuwanyonyesha. Katika kitabu kizima tunasikia kutoka kwake neno moja tu la uchungu, na kwa neno hilo tumemhukumu kwa karne nyingi.

Ayubu alimkemea mkewe kwa neno lile, lakini hatusomi kwamba alimfukuza. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa mtulivu mwanzoni, baadaye alilalamika mbele za Mungu kwa maneno makali kuliko ya mkewe. Kwa hiyo basi, mume mwenye utulivu asijione kuwa ana imani kuliko mkewe anayenung'unika. Huenda zamu yake haijafika tu. Naye Mungu hakumtupa Ayubu kwa ajili ya malalamiko yake.

LAWAMA: MOTO NDANI YA NYUMBA

Pamoja na huzuni huja swali: nani amefanya hivi? Katika maafa ya maji na udongo swali hilo halikwepeki, kwa sababu mara nyingi mkono wa binadamu umo. Njia ya maji iliyozibwa, bwawa lisilokaguliwa, mlima uliokatwa miti. Baada ya Solai, Seneti iliunda kamati ya kuchunguza na kesi ilipelekwa mahakamani. Mzazi anayedai haki kwa ajili ya mtoto wake hatendi dhambi. Asinyamazishwe kwa kuambiwa "ni mapenzi ya Mungu", ikiwa ni uzembe wa mtu.

Hatari ni pale lawama inapokosa pa kwenda, ikarudi nyumbani na kuketi kati ya mume na mke. "Nilikwambia tuhame bondeni." "Ungewaamsha watoto mapema." "Kwa nini ulimshika yule ukamwacha huyu?" Maneno haya hutamkwa kwa dakika moja na kukumbukwa miaka thelathini. Na lililo baya zaidi halitamkwi kabisa: mzazi anajilaumu mwenyewe kimyakimya, kisha anaona kila mtazamo wa mwenzake ni hukumu.

Ikiwa mmekwisha kutamkiana maneno hayo, fanyeni hivi. Ketini pamoja mchana, si usiku, wala si mbele ya wageni. Kila mmoja aseme kwa zamu, mwenzake asikatize: "Ninachojilaumu ni hiki." Si "ninachokulaumu", bali "ninachojilaumu". Mtashangaa. Mara nyingi yule mliyedhani anawahukumu amekuwa akijihukumu mwenyewe vikali zaidi. Kisha kumbushaneni ukweli huu: uamuzi wa usiku ule mliufanya kwa yale mliyoyajua usiku ule. Kulala nyumbani mwako wakati wa mvua si kosa. Maji yaliyoshuka gizani hayakumpa mtu nafasi ya kuchagua.

Wala msidhani kwamba Mungu amewaadhibu. Yesu aliulizwa habari za watu waliouawa kikatili, naye akawakumbusha wasikilizaji wake wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Alikana waziwazi kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Basi na tuache kutafuta dhambi za wafiwa.

KUZIKA, NA KUTOPATA WA KUZIKA

Baadhi ya wazazi hawapati mwili. Baba aweza kusema, "Tufanye ibada, tumalize." Mama husema, "Siziki mtu ambaye sijamwona." Hapo wote wawili wana haki. Sheria ya Kenya yenyewe, kwa mtu aliyepotea bila habari zake kusikika, hungoja miaka saba ndipo imhesabu kuwa amefariki. Tusiwaharakishe watu kwa siku saba.

Kanisa huruhusu Misa ya wafu iadhimishwe hata bila mwili kuwapo. Mwoneni padre wenu. Kuadhimisha Misa hiyo si kusema kwamba mmeacha kutafuta. Ni kumkabidhi mtoto mikononi mwa Mungu popote alipo. Mkikubaliana, wekeni mahali pa ukumbusho: msalaba mdogo, jiwe, au mti. Tarehe 10 Mei 2024 serikali ilitangaza mapumziko ili nchi nzima iwakumbuke waliokufa katika mafuriko na kupanda miti. Familia nayo inaweza kufanya hivyo nyumbani kwake. Yule asiyeweza kusema aweza kuchimba shimo na kumwagilia. Yule anayehitaji kusema aweza kusali na kusimulia wakati mwenzake anachimba.

Wazazi wengine wanateswa na jambo jingine: mtoto alikuwa mchanga, ubatizo ulikuwa umepangwa, maji yakatangulia. Wasikilize haya kwa utulivu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa Askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe. Katekisimu ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu na kututia tumaini la wokovu wao. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia iliandika waraka mzima kueleza sababu za tumaini hilo. Basi mama asikae gizani akidhani kwamba mtoto wake amefungiwa mlango.

CHUMBANI

Jambo hili halisemwi matangani, lakini huumiza ndoa nyingi. Baada ya msiba, mmoja huhitaji kukumbatiwa. Tendo la ndoa kwake ni faraja, ni dalili kwamba bado wapo hai. Mwingine huona kufurahi kwa namna yoyote ni kuwasaliti watoto waliokufa. Yule wa kwanza anajiona amekataliwa. Wa pili anajiona ametumiwa.

Zungumzeni. Semeni wazi, "Sijakukataa wewe, mwili wangu bado uko msibani." Au, "Sijawasahau watoto, nimekuhitaji wewe." Asiye tayari asilazimishwe hata kidogo, naye asimwache mwenzake bila hata mkono begani. Mara nyingi kulala mkiwa mmeshikana mikono ndiko mwanzo wa kurudiana. Na mmoja asihamie kwenye pombe au nyumba nyingine kutafuta anachokikosa. Huo utakuwa msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Hapa ndipo pia wakwe na majirani huingia wakisema, "Bado ni vijana, zaeni mwingine, msahau." Tunaomba neno hilo likome. Mtoto si debe la mahindi lililomwagika likajazwa upya. Turudi kwa Ayubu. Mwishoni mali yake ilirudishwa mara mbili: kondoo 7,000 wakawa 14,000. Lakini watoto hawakuongezwa mara mbili. Walikuwa tena kumi. Wafafanuzi wa zamani walieleza sababu: wale kumi wa kwanza hawakuwa wamepotea mbele ya Mungu, bado walikuwa watoto wake. Kwa hiyo mkijaliwa mtoto mwingine, mpokeeni kwa furaha na mpeni nafasi yake mwenyewe. Asilelewe kama kivuli cha marehemu. Na uamuzi wa lini ni wenu wawili, mwili wa mama ukiwa na nguvu na mioyo yote miwili ikiwa imekubali. Si uamuzi wa mama mkwe.

WATOTO WALIOBAKI

Katika mfano wetu yupo mtoto mmoja aliyenusurika. Mama anamtazama na kuwaona waliokufa. Baba anamtazama na kuogopa. Mtoto mwenyewe anajiuliza kama wazazi wangependa afe yeye badala ya nduguze. Hatauliza. Mnatakiwa kumwambia bila kuulizwa: "Tunashukuru Mungu kwamba upo. Si kosa lako."

Wale waliokuwa wanafunzi kule Aberfan walichunguzwa na madaktari miaka 33 baadaye. Karibu watatu kati ya kila kumi waliochunguzwa walikuwa bado na ugonjwa wa akili unaotokana na tukio la kutisha. Kwa hiyo msidhani kwamba mtoto amesahau kwa kuwa anacheza. Mvua ya Machi na Aprili inapoanza kugonga mabati usiku, mchukueni alale karibu nanyi, na mwambieni mahali mlipo sasa ni salama kwa sababu gani. Kama si salama, basi hameni kwanza.

KWA NDUGU, MAJIRANI NA JUMUIYA

Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema sana: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walikosea walipoanza kueleza. Nanyi mkienda kwa wafiwa, chukueni maji, unga, kuni na sabuni, safisheni vyombo, ketini. Msiseme, "Mungu alimpenda zaidi." Msiseme, "Afadhali umebakiwa na mmoja."

Jambo la pili ni jina. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Mtoto akifa, watu huona haya kumwita tena "Mama Fulani", na hivyo kwa siku moja anapoteza mtoto na jina. Muulizeni anavyopenda kuitwa. Wengi watawaambia wanataka jina lile lile. Na mtamkeni mtoto kwa jina lake. Hamwamshi uchungu, maana haujalala.

Jambo la tatu ni baba. Watu humshika mkono wakisema, "Mzee, jikaze, umtunze mama." Nani amemuuliza yeye analalaje? Wanaume wa Jumuiya wasimwite kwenye kikao cha kulia. Waende naye kupandisha ukuta wa nyumba, na wakati wa chai mmoja aulize kwa upole, "Na wewe, ndugu yangu, uko aje?" Kisha anyamaze, angoje.

JE, NDOA ITAVUNJIKA?

Wengi wameambiwa kwamba wazazi wanaofiwa na mtoto karibu wote huachana. Si kweli. Chama cha wazazi waliofiwa kiitwacho The Compassionate Friends, kilichoanzia Coventry nchini Uingereza mwaka 1969 baada ya kasisi wa hospitali kuwakutanisha wazazi wa wavulana wawili waliokufa, kiliwauliza wazazi wa Marekani mwaka 1999. Kati ya waliokuwa katika ndoa mtoto alipokufa, 72 kati ya kila 100 walikuwa bado na mwenzi yule yule. Waliotalikiana walikuwa 12 tu kati ya 100. Wengine waliobaki walikuwa wamefiwa na mwenzi.

Basi tusitembee na utabiri wa uongo. Msiba hutikisa ndoa, lakini talaka si lazima ifuate.

LINI KUTAFUTA MSAADA

Huzuni si ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni iliyopita kiasi: ikiwa baada ya miezi sita au zaidi mfiwa bado hawezi kabisa kuishi, hali, halali, hatoki, au anatamani kumfuata marehemu, huyo anahitaji mganga. Anayetaka kujiua, au anayekunywa kila siku ili asikumbuke, asingojeshwe hata siku moja. Nendeni hospitali iliyo karibu mwombe kumwona mshauri wa afya ya akili. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Kwenda huko si kukosa imani. Padre anaungamisha na daktari anatibu, na Mungu huwatumia wote wawili.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kila siku tengeni muda mfupi, labda baada ya chakula cha jioni, wa kuwataja watoto kwa majina. Yule asiyependa kusema akae tu, asikilize. Muda ukiisha, yule apendaye kusema amwache mwenzake apumzike.

2. Mpeane ruhusa. Mama amwambie baba, "Nenda ukajenge, najua ndiyo namna yako ya kulia." Baba amwambie mama, "Simulia tena, nasikiliza."

3. Msigawe vitu vya mtoto wala kuvichoma bila wote wawili kukubali. Kiatu kile kikae hadi mama mwenyewe aseme.

4. Tarehe ya msiba ikikaribia, pangeni mapema itakavyoadhimishwa. Toleeni Misa. Mwezi wa Novemba andikeni majina yao katika orodha ya marehemu wa parokia. Wenye uwezo wafanye hija Subukia pamoja. Wapitao barabara ya Mai Mahiu wanalijua lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Hata kusimama hapo dakika chache mkasali ni ukumbusho.

5. Fedha za msaada zipokeeni na kuzitumia kwa kukubaliana wote wawili. Fedha ya rambirambi imezua ugomvi katika nyumba nyingi kuliko njaa.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

Je, mimi huomboleza kwa kulia na kusema, au kwa kufanya kazi na kunyamaza? Mwenzangu je?

Je, nimewahi kumhukumu kwamba hana uchungu? Nilitumia maneno gani?

Ni jambo gani ninalojilaumu ambalo sijamwambia bado?

Katika Jumuiya yetu, ni baba gani aliyefiwa ambaye hatujamuuliza hali yake?

Tumalizie na wale wawili wa mfano wetu. Tuseme siku moja alfajiri mama aliamka mapema, akamfuata baba kwa mbali, akamkuta amesimama kwenye korongo. Hakumwita. Alishuka polepole, akasimama kando yake, na kiatu kile kilikuwa mkononi mwake. Baba alikiona, akakichukua, akakishika kwa mikono miwili. Walisimama hapo hadi jua likatoka. Kisha baba akasema, "Twende nyumbani, Mama, mtoto ataamka atukose."